Spurs bado wana ngazi za kupanda

Ndugu msomaji aliyenitangulia ameandika kwamba San Antonio Spurs, timu ya mpira wa kikapu ya ligi ya NBA ya Marekani, watafika fainali msimu huu wa 2025-26 kwa sababu tu wana nyota wao kijana Victor Wembanyama. Nakubali kwamba kijana huyo hana mfano, lakini hesabu zinaniambia vingine: timu ilishinda mechi 22 kati ya 82 katika msimu wake wa kwanza, ikapanda hadi 34 katika ule wa pili, ambao yeye mwenyewe hakuumaliza kwa sababu ya damu iliyoganda begani mwezi wa Februari. Oklahoma City, wapinzani wao katika ligi hiyo ambao wengi wanawatolea mfano, walipitia ushindi wa mechi 24, kisha 40, kisha 57 kabla ya kutwaa ubingwa wa 2025.

Kinachonisumbua zaidi ni walinzi, yaani wale wanaoongoza mpira na kuanzisha mashambulizi. De'Aaron Fox, Stephon Castle na Dylan Harper wote wanapenda kuingia na mpira hadi chini ya kikapu, wala hakuna kati yao anayesifika kwa kurusha kutoka mbali, kwa hiyo wapinzani watajazana mbele ya Wembanyama na kumziba njia. Kocha Mitch Johnson asipopata warushaji wa kusimama pembeni, tutateseka.

Nasema hivi nikiwa shabiki: hapa Lubumbashi tunaamka saa tisa za usiku kuitazama timu hii, umeme ukituruhusu, tukitumaini kumwona mtoto wetu Bismack Biyombo akiingia hata kwa dakika tano. Mimi natabiri ushindi wa mechi 45 na nafasi katika mchujo wa kuwania ubingwa, basi.