Smith au Ruger? Angalia kwanza koo la mtutu

"Chukua Smith, jina linatosha." Jibu hili linaniudhi kuliko uongo, kwa sababu nusu yake ni kweli. Mtu amesimama mbele ya kaunta ya duka la silaha huko Ohio au Texas, amewekewa rivolva mbili zilizotumika, bastola za silinda inayozunguka, zote za risasi kali ya .357 Magnum, zote mtutu inchi 4: Smith & Wesson Model 19 na Ruger Security-Six. Bei zimekaribiana kiasi kwamba haziwezi kumwamulia. Anampigia rafiki simu, na rafiki anamjibu kwa jina la kampuni. Hakuuliza mwanya wa silinda ni kiasi gani. Hakuuliza koo la mtutu likoje. Hakuuliza kama silinda inafunga kabla nyundo haijafika juu. Mashine yenye miaka 40 au 50, iliyokwisha kupita mikono mitatu minne, haiwezi kuamuliwa kwa jina lililochorwa ubavuni. Ilitoka kiwandani nzima. Swali ni kilichoipata baada ya hapo.

Neno moja la sheria kabla ya chuma. Walio Marekani kwa viza ya masomo au ya matembezi, sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki silaha, isipokuwa kwa vighairi vichache sana. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, akiwa na miaka 21 kwa bastola ya dukani, na atajaza Fomu 4473, fomu ya shirikisho ya kununulia silaha. Kusema uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai. Na bastola inayotoka jimbo jingine lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni ya shirikisho, hata kama anayekuuzia ni jirani yako wa zamani.

Sasa koo. Naliita koo lile tundu lenye mdomo mpana nyuma kabisa ya mtutu, mahali risasi inapoingilia ikitoka kwenye silinda. Hapa ndipo Model 19 ina aibu yake, na hapa ndipo wanunuzi wengi hawaangalii.

Smith walianza kuitengeneza mwaka 1955, wakiiita Combat Magnum, wakichochewa sana na Bill Jordan wa Doria ya Mpaka ya Marekani. Alitaka bastola ambayo askari anaweza kuivaa kiunoni kutwa nzima bila kuchoka, lakini yenye nguvu ya .357 siku ikihitajika. Smith wakachukua fremu yao ya K, fremu ya wastani iliyozoea .38 Special, risasi ya upole ambayo bastola ya .357 huipiga pia, wakaitia Magnum ndani. Ni kazi nzuri ya ufundi. Lakini nafasi ilikuwa finyu, na ili kono linalobeba silinda lipate pa kukaa, sehemu ya chini ya koo la mtutu ikanyolewa bapa. Kwa hiyo chuma cha hapo, chini kabisa, ni chembamba kuliko pande nyingine zote.

Kwa matumizi aliyoyakusudia Jordan, hakuna tatizo. Fanya mazoezi kwa .38, beba .357. Bastola ya namna hiyo itazeeka pamoja na mwenyewe. Tatizo lilikuja pale idara za polisi zilipoanza kuwataka askari wafanye mazoezi kwa risasi zilezile wanazobeba kazini, na risasi iliyopendwa wakati huo ilikuwa ya greni 125, yaani gramu 8 hivi. Risasi nyepesi ni fupi. Inatoka kwenye ganda mapema, inaacha gesi ya moto ikimbilie kooni mbele yake, kisha yenyewe inagonga palepale kwa kasi kubwa, ikifuatwa na baruti nyingi ambayo bado inawaka. Koo linakwanguliwa kwa moto na kugongwa kwa pamoja. Chuma kikichoka, ufa unaanzia pale pale palipo pembamba. Risasi nzito ya greni 158 haina ukali huo, kwa sababu ni ndefu zaidi na inaziba njia kabla haijaachana na ganda.

Smith wenyewe walilijibu tatizo hilo kwa chuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitoa fremu ya L, Model 586 na 686, yenye koo nene lililokamilika pande zote. Hakuna kampuni inayobuni fremu mpya kwa sababu ya porojo za wateja.

Kwa hiyo, ukiwa na Model 19 mkononi, fanya hivi. Fungua silinda, angalia chemba zote 6, kisha zipitie kwa kidole, maana jicho hudanganya. Omba kitambaa na mafuta ya kusafishia, futa nyuma ya mtutu mpaka chuma kionekane. Usiruke hatua hii: mstari wa masizi hufanana na ufa, na ufa hujificha chini ya masizi. Mulika kwa tochi kutokea mdomoni mwa mtutu, wewe ukitazama kutoka nyuma, macho kwenye sehemu ya chini kabisa ya koo. Kioo cha kukuzia kinasaidia sana. Pitisha ukucha, masizi yatafutika, ufa utaubana ukucha. Ukiuona, rudisha bastola juu ya kaunta. Tiba yake ni mtutu mpya, mtutu wa Model 19 ya zamani si kitu cha kukipata kila duka, na gharama ya fundi wa kuufunga itakula punguzo lolote utakalopewa. Hata kwa nusu bei, iache.

Security-Six haina kasoro hiyo. Ruger waliitoa mwaka 1972, wakiichora kwa ajili ya .357 tangu karatasi ya kwanza. Koo lake ni duara kamili. Fremu yake imemiminwa kipande kimoja, haina bamba la ubavuni lililofungwa kwa skrubu, na mitambo yote ya triga inatokea chini. Nyundo, springi na kitengo cha triga vinatoka kwa bisibisi moja ya kufungulia mshiko na kipini chembamba cha kuzuilia springi. Mwenye bastola anaweza kuisafisha ndani mwenyewe mwaka mzima bila kuharibu kitu. Ukifungua bamba la Smith kwa kulichokonoa na bisibisi, badala ya kugonga taratibu fremu ya mshiko hadi lijitoe, umeliharibu kwa maisha yote. Ndiyo maana nasisitiza kuangalia vichwa vya skrubu vya Smith. Vikiwa vimechubuka, kuna mtu aliingia humo ndani bila vifaa vyake, na hujui alipunguza nini kwa tupa.

Nakubali, shingo upande, kwamba triga ya Smith ni tamu kuliko ya Ruger. Ya Ruger ni nzito na mara nyingi utaisikia ikikwaruza njiani. Lakini utamu huo unaghushiwa kirahisi, na ni lazima ujue namna unavyoghushiwa. Mbele ya fremu ya mshiko wa Smith, karibu na chini, kuna skrubu inayokaza springi bapa ya nyundo. Ilegeze kidogo, au ikate ncha, na triga inakuwa laini kama siagi pale dukani. Ukienda uwanjani, nyundo haina nguvu ya kutosha, fataki ya kuwashia baruti haiwaki, unasikia "tak" na hakuna kinachotoka. Skrubu hiyo lazima iwe imekazwa mpaka mwisho. Kwenye Ruger, walaghai hukata pete za springi ya nyundo, na matokeo yake ni yaleyale.

Kipimo cha pili kwa uzito baada ya koo ni kufunga kwa silinda. Vuta nyundo nyuma polepole sana kwa kidole gumba, huku kidole cha mkono wa pili kikiizuia silinda kidogo, kama unayeshika breki. Kufuli la chini lazima liingie kwenye mtaro wake kabla nyundo haijanasa juu. Nyundo ikinasa na silinda bado inahitaji kuzungushwa kidogo zaidi ndipo ifunge, bastola hiyo imechelewa: risasi inaweza kuingia kooni upande upande, ikakwanguliwa, na vipande vya risasi vikaruka pembeni kumpata aliyesimama jirani yako. Rudia kwa chemba zote 6, kwa sababu kila chemba ina jino lake nyuma ya silinda, na jino moja linaweza kulika peke yake. Kwa Smith, tia maganda matupu kwenye chemba kabla ya kupima. Nyota ya kutolea maganda inaweza kuwa na mchezo kidogo, na bila maganda ya kuishikilia utaihukumu bastola nzima kuwa mbovu.

Kisha, kwa ruhusa ya muuzaji, vuta triga mpaka mwisho uishikilie hapo, ukiwa umeelekeza mtutu mahali salama, uitikise silinda kushoto na kulia. Mchezo mdogo ni wa kawaida kwa zote mbili. Usitafute ule ugumu wa Colt Python za zamani ambazo silinda husimama kama imechomelewa. Smith na Ruger hazikuundwa hivyo. Kaza nyundo nyuma na uisukume kwa gumba kwa nguvu ya wastani bila kugusa triga. Ikianguka, kunaso, yaani sehemu inayoishikilia nyundo, limelika au limepigwa tupa. Hiyo ni bastola ya hatari, haina mjadala.

Nenda na fila geji, ileile ya gereji ya kupimia plagi na tapeti, lakini hakikisha ina majani membamba. Sukuma silinda nyuma, pima mwanya kati yake na mtutu. Kisha isukume mbele, pima tena. Mwanya wa milimita 0.10 hadi 0.20 ni mzuri. Ukifika 0.25 bado bastola inafanya kazi, lakini gesi na kasi vinapotea pembeni, na bei lazima ishuke. Chini ya 0.08, silinda itaanza kukwama ikipata moto na masizi. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mchezo wa mbele na nyuma: ukipata 0.20 na 0.15, mchezo ni 0.05, sawa kabisa. Ukizidi 0.08, kila mlio unaigonga silinda dhidi ya fremu, na mchezo unaongezeka wenyewe kwa wenyewe. Kwa Smith tiba ni rahisi, shimu nyembamba za milimita 0.05, yaani pete za kujazia nafasi, zinauzwa, na fundi yeyote wa rivolva anazijua. Kasoro hii ni ya kupunguzia bei tu.

Mengine ni ya haraka. Pete nyeusi ndani ya mtutu maana yake risasi ilikwama na nyingine ikapigwa nyuma yake, kataa. Alama ya moto kwenye fremu juu ya koo inatisha macho lakini hufika kina fulani ikasimama. Kono la silinda likikaa na upenyo dhidi ya fremu, mtu alikuwa akiifunga kwa kutikisa kiganja kama kwenye sinema, na amelipinda. Zungusha silinda ikiwa wazi utazame ncha ya fimbo ya kutolea maganda. Ikicheza duara, imepinda. Fimbo ya Model 19 za miaka ya 70 ina uzi wa kushoto, na ikilegea silinda inagoma kufunguka. Wengi wameirudisha dukani bastola nzima kwa tatizo la kukaza fimbo. Na ikiwa nyundo na triga ya Smith zina rangi sawa na fremu badala ya rangi yake ya mawimbi ya kijivu na kahawia, bastola imepakwa upya. Angalia kama kingo zimeviringika na matundu ya skrubu yamebonyea, ujiulize kilichofichwa.

Vipuri ni hoja ya kweli upande wa Smith. Security-Six ilikoma kutengenezwa 1988, GP100, rivolva nyingine ya Ruger, ikiwa imeshachukua nafasi yake, na sehemu za ndani za hizo mbili hazibadilishani. Security-Six yenye jino la silinda lililolika ni mzigo kuliko Smith yenye ugonjwa huohuo. Ndiyo maana kwa Ruger nakuwa mkali zaidi kwenye kipimo cha kufunga, na kwa Smith nakuwa mkali zaidi kwenye koo.

Zikipita zote mbili, msimamo wangu ni huu. Anayetaka kutoboa karatasi kwa .38 kila Jumamosi achukue Smith, ataifurahia triga ile miaka yote. Anayenunua sanduku la .357 na ana nia ya kulimaliza achukue Ruger. Asiyejua atapiga nini achukue Ruger vilevile, kwa sababu kiu ya Magnum huja baadaye, na Model 19 haitamwonya kabla ya kupasuka.

Ukifika nayo nyumbani, kabla ya mlio wa kwanza wa .357, sugua chemba zote 6 kwa brashi ya shaba na mafuta ya kusafishia, uache dakika kumi, usugue tena. Ganda la .38 ni fupi kwa milimita 3 na zaidi, kwa hiyo miaka ya .38 huacha pete ngumu ya masizi ndani ya chemba, na ganda la Magnum hukwama hapo, ama lisiingie hadi mwisho, ama ligome kutoka baada ya mlio. Usiligonge kwa nyundo wala usiikanyage fimbo. Chemba ikiwa safi, ganda huingia kwa uzito wake lenyewe.