Risasi 5 dhidi ya 17

Ukihesabu risasi tu, rivolva ndogo, bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, imeshindwa mapema na bastola ya nusu-otomatiki. Smith & Wesson Modeli 36, iliyotoka mwaka 1950, inabeba 5. Glock 17, nusu-otomatiki iliyoingia jeshi la Austria mwaka 1982, inabeba 17, na zikiisha unachomeka magazini (kasha la risasi) nyingine.

Historia nayo inaegemea huko. Mwaka 1986, mjini Miami, maofisa 8 wa FBI walirushiana risasi na majambazi wawili, na maofisa wawili wakauawa. Wengi wa maofisa hao walishika rivolva, na mmoja aliyejeruhiwa mkono alishindwa kuijaza yake upya. FBI ikahamia nusu-otomatiki. Haikukosea.

Ila polisi huifuata hatari, na bastola yao hukaa wazi kiunoni. Raia hatari humfuata, mara nyingi ikiwa imeshamkaba, na silaha yenyewe iko mfukoni. Hapo ndipo hesabu ya 5 na 17 inaponikera.

Nusu-otomatiki huendeshwa na risasi yenyewe: nguvu ya mlipuko inairudisha nyuma slaidi, lile pande la chuma la juu, ganda linatupwa nje, risasi nyingine inapanda. Mshiko ukilegea, au risasi ikiwa dhaifu, mnyororo huo unakatika. Ganda linakwama, au risasi inagoma kulipuka. Dawa yake inajulikana: gonga magazini, vuta slaidi, endelea. Lakini dawa hiyo inataka mikono miwili, na mkono mmoja huenda unazuia kisu. Zaidi ya hapo, bastola nyingi za aina hii ukizigandamiza mtutu kwenye mwili wa mtu, slaidi inasukumwa nyuma kidogo tu na silaha haifyatuki. Ukifyatua ukiwa bado umeishika ndani ya mfuko wa koti, risasi ya kwanza itatoka. Ya pili ni bahati, kwa kuwa kitambaa kinazuia slaidi na ganda halina pa kwenda.

Rivolva haijali hayo. Silinda inazungushwa na kidole. Risasi ikigoma, unavuta tena, inakuja nyingine. Yenye nyundo iliyofichwa ndani hainasi hata kitambaa.

Kuna wanaoisifu kwamba inawafaa wenye mikono dhaifu, wasioweza kukoki slaidi. Sifa hiyo ni nusu kweli. Kifyatulio chake kinataka nguvu ya kilo 5 hivi, karibu mara mbili ya Glock, na kidole chenye baridi yabisi kitalalamika. Uzito huo unazuia kufyatua kwa bahati mbaya, lakini pia unaupotosha mtutu, na mtutu wenyewe ni mfupi. Zile za alumini, zisizofika nusu kilo, zinapiga kiganja vibaya kiasi kwamba wengi hawazifanyii mazoezi. Na ikitokea zikakwama, mathalani kichwa cha risasi kikichomoza kwenye ganda lake na kuifunga silinda, hakuna cha kugonga wala kuvuta.

Kwa hiyo anayevaa silaha kiunoni, mwenye muda wa mazoezi, sioni kwa nini achukue rivolva. Wa mfukoni, anayemwogopa mtu wa hatua mbili kuliko wa mita ishirini, mimi ningempa zile 5.