Dozi ya paka haiamuliwi na namba ya asubuhi

Asubuhi ile mashine ya kupimia sukari ilisoma 21. Kijivu, paka wangu wa miaka 11 mwenye kisukari, alikuwa ameinamia bakuli la maji kana kwamba hajanywa tangu juzi, nami nikaamua peke yangu kwamba yuniti 2 za insulini hazimtoshi, kuanzia leo anachomwa 3. Siku ya tatu, mchana, nilimkuta amejilaza nyuma ya mlango. Nilipomwita aliinuka, akapepesuka miguu ya nyuma, akakaa tena. Macho yalikuwa wazi lakini hayanioni. Nilimpima: 2.4, sukari imeshuka mno. Nikachovya kidole kwenye asali na kumpaka kwenye fizi, kidogo kidogo, daktari wa mifugo akiwa kwenye simu ananionya nisimmiminie mdomoni asije akapaliwa. Baada ya dakika kama kumi alijilamba midomo, kisha akalamba kidole changu. Siku ile tuliimalizia kliniki.

Alipona. Tangu hapo nimeshika jambo moja na silibadilishi: dozi ya paka mwenye kisukari isipandishwe kwa sababu ya namba kubwa. Kinachotakiwa kuamua ni kipimo cha chini kabisa cha siku, na hicho wengi wetu hatukijui kwa sababu sukari hufika huko tukiwa kazini au tumelala.

Hebu tuitazame ile 21. Ilipimwa kabla tu ya sindano ya asubuhi, yaani ile ya jana jioni ilikuwa imeshaishiwa nguvu. Haikuniambia usiku sukari ilishuka mpaka wapi. Paka anaweza kuwa na 21 saa moja asubuhi na kufika 4 saa saba mchana kwa dozi ileile, na ukimwongezea yuniti nzima kwa kuiogopa 21, anayeumia ni yule wa saa saba. Isitoshe, sukari ikishuka mno mwili hujitetea: homoni za adrenalini na glukagoni huliamuru ini litoe sukari, hivyo ukipima baadaye unaweza kukuta iko juu. Mtu akiiona iko juu, anaongeza tena.

Hofu nayo hupandisha. Paka akifungiwa kwenye kikapu, akasafirishwa, akasikia mbwa wakibweka, sukari yake inaweza kufika 16 hata kama hana kisukari kabisa. Kwa hiyo kipimo kimoja cha kliniki sikiamini sana, na ndiyo maana nasema kila mwenye paka wa kisukari afundishwe kupima nyumbani. Wapo madaktari wanaokataza, wakiogopa kwamba watu watabadilisha dozi ovyo. Hofu yao naielewa, nilifanya hivyohivyo. Lakini mimi nilikosea kwa kuwa nilipima mara moja tu kwa siku na hakuna aliyenieleza namba ile maana yake nini. Mtu aliyefundishwa nusu afundishwe iliyobaki, asinyang'anywe mashine.

Kupima kwenyewe hakutishi kama nilivyodhani. Unapasha sikio joto kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, unaweka pamba upande wa ndani, kisha unachoma ukingo, karibu na ule mshipa mwembamba unaoonekana ukimulika taa. Tone linalotosha ni dogo kama kichwa cha pini. Bonyeza pamba baadaye ili sikio lisivilie damu, na mpe kitu anachopenda kila mara, hata siku tone likigoma kutoka. Kijivu siku hizi akisikia zipu ya mfuko wa mashine anakuja mwenyewe.

Siku ya kupima mfululizo tunaanza kabla ya sindano ya asubuhi, halafu kila baada ya saa 2 mpaka karibu na sindano ya jioni. Daktari wetu anataka kipimo cha chini kabisa kiwe kati ya 5 na 8, kwa milimoli kwa lita, kama namba zangu zote hapa (anayetumia miligramu kwa desilita azidishe kwa 18). Kikibaki juu ya hapo tunaongeza nusu yuniti, kisha tunakaa wiki nzima bila kugusa dozi, kwani insulini ya muda mrefu kama glajini huchukua siku kadhaa kutulia mwilini. Kikishuka chini ya 4.5 tunapunguza, hata kama asubuhi bado inasoma 18. Hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kulikubali. Paka akiwa chini mchana na juu asubuhi, huenda insulini yenyewe haidumu saa 12, na kuongeza kiasi chake hakutibu hilo.

Nusu yuniti inaonekana si kitu. Lakini paka anayetumia yuniti 1, ukimpeleka kwenye 1.5 umemwongezea nusu ya dozi yake. Tafuta mabomba ya sindano yenye alama za nusu, na kabla ya hapo soma chupa. Insulini ya U-100 (yuniti 100 kwa mililita) ikivutwa kwa bomba la U-40 (lililopimwa kwa yuniti 40 kwa mililita) hadi alama ya 2, paka anapata yuniti 5. Kosa hilo ni rahisi mno kufanyika siku mabomba uliyoyazoea yamekosekana dukani.

Mkinidai orodha ya mambo ya kuamua bila kupiga simu, yangu ni fupi sana. Manyoya yakilowa na hujui insulini iliingia kiasi gani, usirudie. Ukiikosa sindano moja, usiifidie kwa kuchoma mara mbili. Lakini paka akigoma kula au akitapika, hapo mpigie daktari kabla ya kuchoma, na usikae kimya siku mbili, maana asipopata insulini muda mrefu ketoni, asidi zinazojaa kwenye damu mwili ukichoma mafuta badala ya sukari, zinaweza kumuua. Mengine tumeyaandika na daktari kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji: namba gani nisichome, namba gani nipige simu hata usiku wa manane.

Karatasi hiyo inazidi kuwa na kazi kadiri paka anavyopata nafuu. Wengine kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, huamka, hasa wakianza tiba mapema na kula chakula laini chenye wanga kidogo, na dozi iliyowafaa mwezi uliopita inageuka kubwa mno kwao. Anayepima asubuhi tu huchelewa kuligundua hilo. Kijivu alishuka kutoka 2 hadi 1.5, sasa yuko kwenye 1. Jumamosi saa saba mchana alisoma 5.1, na asubuhi hiyohiyo alikuwa na 12. Daktari amesema tusiguse chochote mpaka Jumamosi ijayo.