Chupa 50 za kiingilio

Mashindano ya vijana wa chini ya miaka 15 niliyoyaona Busia, mji wa mpakani na Kenya, upande wetu wa Uganda, hayakuwa na ada ya pesa. Kila timu ililipa kwa chupa tupu 50 za plastiki. Waandaaji walitaka vijana waokote taka mtaani, waone kwa macho yao kwamba kila kinachonunuliwa huacha mabaki, halafu ndiyo wacheze. Magunia yakapangwa nyuma ya goli, picha zikapigwa. Nikamuuliza beki mmoja wa kushoto waliziokota wapi zote hizo. Akacheka.

“Mzee, hatukuokota. Tulichanga, tukanunua kwa mtu wa skrepa.”

Kwa hiyo somo la matumizi ya busara lilianza kwa manunuzi. Ni rahisi kuishia hapo na kusema mpango mzima ni maigizo, na wapo waliosema hivyo siku ileile. Mimi siendi mbali kiasi hicho, kwa sababu ya kanuni nyingine waliyoiweka bila makelele: taka ikikutwa kwenye benchi la timu baada ya kipenga cha mwisho, timu inakatwa pointi moja. Mechi ya pili iliisha 1–1. Kabla refa hajavuka nusu ya uwanja, kipa alikuwa ameshatoka golini mbio kwenda kuzoa kaveera (mifuko ya plastiki) za rolex (chapati ya mayai) walizokula mapumziko. Mechi iliyofuata ukazuka ugomvi kuhusu chupa moja. “Si yetu, ya mashabiki hiyo!” “Mashabiki wa nani?” Refa akabaki akiigeuza chupa mkononi kama mtu anayesoma ushahidi mahakamani. Dakika tano watoto wa miaka 13 walibishana taka ni ya nani: aliyenunua, aliyekunywa au aliyeiangusha. Mabaraza mengi ya watu wazima hayajafika kwenye swali hilo.

Hapo wanaoutetea mpira kama darasa wana haki. Kijana anayeshinda akibeba mizigo mpakani hamsikilizi afisa mwenye kipaza sauti, lakini kocha akimwambia kimbia anakimbia. Na uwanjani kosa linalipiwa papo hapo.

Upande wa pili, nauliza: huyu mtoto anatumia nini hasa? Jezi yake ni mtumba, mgongoni ina jina la mchezaji aliyekwisha kuihama klabu, na ataivaa mpaka ionyeshe mwili. Mpira wake wa kwanza aliufunga mwenyewe kwa makaveera na nyuzi za migomba. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, lengo la 12 likawa uzalishaji na matumizi yenye uwajibikaji. Uzalishaji umetajwa humo kwa jina, lakini mahubiri yakifika kijijini husikii ila matumizi. Sisi wa zamani tulikunywa soda ya chupa ya glasi na chupa ikarudi dukani, la sivyo unaacha pesa. Aliyeleta ya plastiki isiyorudi hakuwa mtoto. Dampo la Kiteezi lilipoporomoka Agosti 2024 na kuua zaidi ya watu 30, lililowafukia lilikuwa taka za jiji zima la Kampala, za miaka na miaka.

Busia yenyewe inatoa ushahidi, maana ni mji mmoja wenye sheria mbili. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, faini ikafika hadi shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo cha hadi miaka 4. Ng’ambo ile mifuko ikapungua madukani bila mtu kupiga danadana hata moja. Huku kwetu marufuku iliwekwa kwenye Sheria ya Fedha ya 2009, kisha Sheria ya Mazingira ya 2019 ikaizuia mifuko ya chini ya mikroni 30, na bado rolex yangu ya asubuhi huja imefungwa kwenye kaveera. Anayetaka kunishawishi kwamba sheria inayosimamiwa inashinda mashindano kumi hahitaji kutumia nguvu. Ila naye ajibu hili: mifuko inavuka kwenda Kenya kwa njia za panya, na wanaoivusha ni vijana, ndugu wa hawa hawa wanaocheza. Penye mnunuzi, mfuko hupita.

Kinachonikera zaidi ni jambo lililonyamaziwa siku nzima. Mpira wenyewe siku hizi unauza, na bidhaa inayomla kijana wa Busia kuliko soda ni kamari. Sheria ya Uganda ya 2016 inamkataza aliye chini ya miaka 25 kubeti. Nyuma ya goli lile lile lenye magunia, vijana wasiozidi 20 walikuwa wamekunja mikeka, karatasi za kubeti, ya mechi za Uingereza mifukoni. Ukitaka kumfundisha kijana matumizi kwa njia ya mpira, nadhani ungeanza na kikaratasi kile, kwa kuwa hiyo ndiyo pesa anayoitoa yeye mwenyewe, kila wikendi.

Halafu waandaaji wenyewe. Kila mchezaji alipewa fulana mpya yenye kaulimbiu, ya kuvaliwa siku moja, na maji ya chupa ndogo kutoka kwenye katoni zilizozungushiwa nailoni. Nje ya uzio alisimama mama mwenye jerikeni la bushera, kinywaji cha nafaka, na vikombe vyake kumi vya kuosha. Hakuna aliyemwita ndani. Mwaka 2027 Uganda, Kenya na Tanzania zitaandaa Kombe la Afrika, na kaulimbiu za mazingira zitachapishwa kwa maelfu. Ningependa tuhesabu kwanza vikombe.

Jioni nilipita kwa yule mtu wa skrepa. Alikuwa ameshazinunua tena chupa zote kwa kilo, magunia manne ameyatenga kando. Alisema hayauzi bado, anasubiri atangaziwe tarehe ya mashindano yajayo.