Dawa za ukoma ni bure, na macho je?
Makala moja niliyosoma inasema mgonjwa wa ukoma akimaliza dawa amepona. Vijidudu vimekufa kweli, lakini neva ya uso, ile inayofumba kope, iliyokwisha kuharibika hairudi kwa vidonge hivyo. Shangazi yangu, aliyeugua ukoma, alikuwa analala jicho wazi. Asubuhi limekauka, jekundu, na hata vumbi likiingia hahisi, maana ganzi ilishafika kwenye kioo cha jicho. Udhaifu wa kope usipozidi miezi 6, prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa neva, huweza kuurekebisha. Ukishapita hapo ni upasuaji: kushona sehemu ya kope, au kuhamishia kwenye kope kipande cha msuli wa kutafuna, mgonjwa akikaza meno jicho linafumba. Mazoezi yake ni marefu, ila upofu unazuilika. Waganga wakuu wa wilaya, wapimeni watu hawa macho kabla hamjawafuta kwenye daftari la wagonjwa!