LK-99 Ilidanganya Macho, Fizikia Ifundishwe kwa Masikio na Mikono Pia

Julai 2023 video ya kijiwe cheusi ilizunguka kwenye simu dunia nzima, na vijiwe vya kahawa vya Dar es Salaam navyo havikubaki nyuma. Kijiwe kimewekwa juu ya sumaku, upande mmoja umeinuka, upande wa pili bado umegusa. Watafiti wa Korea Kusini waliokitengeneza kwa risasi, shaba, fosforasi na oksijeni walikiita LK-99, wakadai kuwa ni superkondakta: inapitisha umeme bila ukinzani hata chembe, tena kwenye joto la kawaida la chumba.

Dai halikumaliza hata wiki sita. Lililolimaliza ni vipimo. Timu moja ya China ilionyesha kuwa ule ukinzani unaoporomoka ghafla kwenye nyuzi 104 hivi unatokana na uchafu wa salfaidi ya shaba uliobaki ndani ya sampuli, kwani salfaidi hiyo hubadili mpangilio wa atomi zake kwenye joto hilohilo. Kule Stuttgart, taasisi ya Max Planck ikatengeneza fuwele safi zisizo na uchafu huo, na mita ikasoma mamilioni ya omu, yaani kihami kabisa. Na kule kuinuka upande mmoja? Usumaku wa kawaida tu. Sasa jiulize ni watu wangapi waliamini kwa sababu "wameona kwa macho yao".

Nimeanzia hapo kwa sababu ya kauli iliyozoeleka mashuleni kwetu, kwamba mwanafunzi asiyeona hawezi fizikia kwa kuwa hataliona jaribio. Kwa kauli hiyo, wengi wao huelekezwa mapema kwenye masomo ya sanaa, na kipindi cha maabara kikifika wanabaki darasani au wanasimuliwa kilichotokea. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, tunao Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26, na njia za viti mwendo zinajengwa. Ila mlango wa maabara ungali umefungwa kwa hoja ambayo fizikia yenyewe haiikubali. Na mada inayoiumbua hoja hiyo kuliko zote ni superkondakta.

Chukua historia yake. Mwaka 1911 mjini Leiden, Heike Kamerlingh Onnes na wenzake walipoza zebaki kwa heliamu ya kimiminika hadi kelvini 4.2, karibu nyuzi 269 chini ya sifuri (kelvini huhesabiwa kuanzia baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri), na ukinzani ukatoweka. Hakuna kilichong'aa wala kubadilika rangi. Kilichobadilika ni kipimo cha umeme. Mwaka 1957 wanafizikia Bardeen, Cooper na Schrieffer walieleza kuwa elektroni hutembea jozi jozi, na jozi hizo hakuna aliyewahi kuziona. Mwaka 1986 Bednorz na Müller wakafungua ukurasa wa oksaidi za shaba, na mwaka uliofuata ikapatikana YBCO, mchanganyiko wa itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, ambayo ukinzani wake hutoweka kwenye kelvini 93 hivi. Hapo nitrojeni ya kimiminika, yenye kelvini 77 na bei nafuu kuliko heliamu, inatosha kabisa.

Utafiti wa karibuni ndio umelitupa jicho mbali zaidi. Mwaka 2015 hidrojeni salfaidi iliyobanwa kwa mgandamizo wa zaidi ya mara milioni moja na nusu ya ule wa hewa ilipoteza ukinzani kwenye kelvini 203. Mwaka 2019 kiwanja cha lanthani na hidrojeni kikafika 250 hivi. Sampuli inakaa katikati ya ncha mbili za almasi, nyembamba kuliko unywele, na mtafiti anachopata ni namba kutoka kwenye waya nne. Namba hizo zenyewe zikitiliwa shaka, kazi yote inaanguka: jarida la Nature lilifuta makala mbili za timu moja ya Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, ya kwanza 2022, ya pili Novemba 2023, na kiini cha ugomvi kilikuwa namna data zilivyochakatwa. Mwaka 2023 ikaja oksaidi ya nikeli, karibu kelvini 80, nayo chini ya mgandamizo mkubwa. Katika kazi zote hizi anayeona hana la ziada la kumzidi asiyeona, mradi kila mmoja apewe namba kwa njia anayoweza kuisoma.

Basi tuanze na ukinzani na joto, kwa vifaa vya Kariakoo. Unahitaji waya mwembamba wa shaba wenye vanishi, unene milimita 0.1, urefu mita 100. Waya huo una ukinzani wa karibu omu 2.2 kwa mita, kwa hiyo jumla ni kama 220. Mwalimu asishtuke mita ikisoma 228: majedwali ya vitabuni yanahesabu nyuzi 20, na maabara ya Dar iko kwenye 30. Kwenye maji ya barafu utapata karibu 200, kwenye maji yaliyotoka kuchemka karibu 285. Tofauti hiyo ni kubwa, hata mita ya bei ndogo inaikamata.

Ili isikike, tumia chipu ya 555, ile inayotoa mapigo ya umeme kwa mfululizo. Rezista ya kiloomu 1 iwe kati ya pini 8 na 7, waya wetu kati ya 7 na 6, pini 2 na 6 ziunganishwe, kapasita ya mikrofaradi 1 itoke pini 6 kwenda 1, na pini 4 iungwe na 8. Betri ya volti 9 iingie pini 8, hasi yake pini 1. Spika ndogo itoke pini 3 kupitia rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 47, kisha irudi kwenye hasi. Kwenye barafu itapiga karibu mitetemo 1,025 kwa sekunde, kwenye maji ya moto karibu 920. Ni kama toni nzima kwa mtu wa kwaya, kutoka re kushuka do. Waya ukipoa sauti inapanda, ukipata moto inashuka.

Yanayoharibika hapa yanajulikana. La kwanza ni ncha za waya kutokwanguliwa vanishi: sauti haitoki, au inatoka ikikatikakatika, na mwalimu anaanza kuilaumu chipu. Sugua kwa msasa laini hadi shaba ing'ae. La pili ni namna ya kuviringisha. Ukiviringisha waya kwa mkondo mmoja unapata koili, na koili ina tabia yake ya kupinga mabadiliko ya mkondo wa umeme, jambo linalovuruga hesabu ya sauti. Kunja waya katikati kwanza, halafu viringisha nusu zote mbili pamoja, ili usumaku wa upande mmoja ufutwe na wa pili. La tatu ni kapasita. Zile za kauri zenye umbo la kitufe hubadilika sana na joto, kwa hiyo ukiiweka karibu na sufuria utakuwa unaisikiliza kapasita badala ya waya. Nunua ya filamu ya plastiki na iwe mbali na mvuke. Waya wenyewe uzamishe ndani ya bomba la kioo lenye mafuta ya kula, kisha bomba ndiyo liingie majini. Vanishi ikichubuka mahali, maji ya bomba yenye chumvi yatapitisha umeme pembeni na namba zitakudanganya. Subiri dakika nne au tano kila unapohamisha, kwani mafuta hayapokei joto haraka.

Mwanafunzi kiziwi usimpe spika aishike kwa vidole. Ni wazo linalopendwa na wageni wa maonyesho, lakini kidole hakitofautishi kwa urahisi mitetemo ya kasi hiyo, tena kwa tofauti ya asilimia kumi tu. Yeye asome mita. Wala usiwaweke asiyeona na kiziwi peke yao kama jozi kwa sababu inapendeza kwenye picha: mmoja anazungumza kwa ishara ambazo mwenzake hazioni. Kundi la watu wanne linafanya kazi vizuri zaidi.

Matokeo yachorwe grafu ya kugusa. Kwenye manila, mstari wa joto uwe sentimita 20, kila sentimita kelvini 20, kuanzia sifuri hadi 400. Shaba iwe uzi mwembamba wa pamba uliogandishwa kwa gundi, YBCO iwe kamba ya katani. Nyuzi mbili zinatosha; ukiongeza ya tatu pamoja na miraba ya grafu, vidole vinapotea. Maandishi ya nukta nundu yakae pembeni, yasikatize mstari.

Na hapa pana mtego mzuri. Vipimo vya kati ya nyuzi 0 na 95, yaani kelvini 273 hadi 368, vikiendelezwa kwa rula kuelekea kwenye baridi, mstari wa shaba unakata sifuri karibu nyuzi 235 chini ya sifuri. Darasa zima litasema shaba ni superkondakta. Sivyo. Karibu na huko chini mstari wa shaba hulala, unabaki na ukinzani mdogo usiokwisha, kwa sababu ya dosari na uchafu ndani ya metali. YBCO inashuka taratibu hadi kelvini 93 hivi, kisha inadondoka wima hadi sifuri. Ule mdondoko ukipita chini ya kidole hausahauliki, na kusema kweli wanaoona nao wangefaidika wakifumba macho wakaupapasa.

Nitrojeni ya kimiminika ikipatikana (viwanda vya gesi huuza, na wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe huihifadhi), onyesho lenyewe lipangwe upya. Kwa kawaida sumaku inaelea juu ya diski ya YBCO, watu wanapiga picha, basi. Badala yake gandisha sumaku ya niodimiamu kwenye ncha ya rula ya mbao ya sentimita 30. Weka diski kwenye kibakuli cha boksi jeupe la kuhifadhia barafu, mimina nitrojeni hadi mchemko utulie. Mwanafunzi ashike ncha nyingine ya rula na kuishusha polepole: atasikia mkono unasukumwa juu. Diski ikipozwa bila sumaku karibu, ni msukumo. Ikipozwa huku sumaku imekaa juu yake kwenye kadibodi ya milimita 5, baada ya kuondoa kadibodi sumaku inashikwa palepale. Ukiivuta juu inarudishwa, ukiisukuma kando inarudishwa, hata ukigeuza kila kitu kichwa chini. Hiyo ndiyo tofauti na kijiwe cha LK-99 kilichoegemea upande, na mkono unaitambua mara moja.

Tahadhari hazina mjadala. Lita moja ya nitrojeni hugeuka karibu lita 700 za gesi, kwa hiyo madirisha yote yawe wazi na chombo kisifungwe kwa kifuniko cha kukaza. Miwani kwa wote. Glovu ziwe kubwa, zinazovulika haraka, wala zisiwe za kitambaa kinachofyonza. Asiyeona aongozwe mkono hadi kwenye rula kabla nitrojeni haijamiminwa, aelezwe kibakuli kiko wapi na ukubwa wake, kwani baada ya hapo hakuna kupapasa mezani.

Kwa kiziwi tatizo ni muda. Hawezi kumtazama mkalimani na sumaku kwa wakati mmoja, na diski ikitolewa kwenye nitrojeni inapata joto upesi. Kwa hiyo mwalimu anyamaze wakati wa onyesho, kisha aeleze, kisha arudie onyesho. Mkalimani naye apewe orodha ya istilahi siku mbili kabla, wakubaliane na wanafunzi ishara za ukinzani na superkondakta. Vinginevyo atatahajia herufi kwa vidole huku jambo lenyewe limeshapita.

Diski moja ya YBCO inaweza kuzungukia shule nyingi, kuanzia Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko hadi sekondari zinazopokea wanafunzi wasioona na viziwi, na idara ya fizikia ya chuo kikuu ndiyo mahali pake pa kukaa. Adui yake jijini humu ni unyevu. Ikitoka kwenye nitrojeni hushika barafu, barafu ikayeyuka, na maji huila YBCO taratibu hadi siku moja sumaku inagoma kushikika. Ipashwe joto mahali pakavu, ifutwe, ifungwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na anayeiazima asaini kuwa ameirudisha kavu.