Huyu Ripken Katuharibia Kazi

Jamani, Jumatatu alfajiri mgongo ulinikwama nikiokota sabuni bafuni. Sabuni yenyewe kipande, kile cha mwisho mwisho, chembamba kama kucha. Nikabaki nimeinama kama niko kwenye rukuu, namwita mama watoto aje aninyanyue.

Nikampigia simu msimamizi wangu wa ghala, hapa hapa Baltimore. "Bosi, leo sitaweza." Kimya. Nikajua kinachokuja.

"Unamjua Cal Ripken?"

Namjua! Miaka minne niko mji huu, Ripken namjua kuliko baba mkwe. Kila anayeomba ruhusa husomewa habari zake: mechi 2,632 za besiboli mfululizo, na Orioles, timu ya hapa hapa Baltimore, kuanzia 1982 hadi 1998, hajakosa hata moja. Na msimu wao una mechi 162, si bonanza la Jumapili. Mwaka 1996 akavunjika pua. Wapi? Kwenye kupiga picha! Mchezaji mwenzake kateleza, mkono ukamtua puani. Ikanyooshwa, na usiku huo huo akacheza. Sasa mimi na kipande changu cha sabuni nitaanzia wapi?

Rekodi aliichukua kwa Lou Gehrig wa Yankees, timu ya New York, aliyefikisha 2,130. Huyo simsemi, maradhi ndiyo yaliyomtoa uwanjani 1939, na 1941 akafariki. Mungu amlaze pema. Lakini siku Ripken alipompita, Septemba 1995, mchezo ulisimama dakika 22 watu wanapiga makofi tu. Dakika 22! Mimi chakula cha mchana napewa 20, na foleni ya maikrowevu iko humo humo.

Ila kuna kipande bosi hakisimulii. Nilikipata mwenyewe, nimelala chali na chupa ya maji moto chini ya kiuno. Tarehe 20 Septemba 1998 Ripken alimfuata kocha wake, haumwi popote, akamwambia leo niache nje. Na Yankees, wapinzani, wakasimama wakampigia makofi!

Jumanne nikaingia kazini natembea upande kama kaa, nikamsimulia bosi yote. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono kidevuni.

"Hapo alikuwa ameshacheza ngapi?"

"2,632."

Akafungua daftari la mahudhurio, akashusha kidole taratibu kwenye mstari wangu.

"Wewe ulifika tisa."